Sinki Langu na Wakwe wa Sotik

Jameni, leo nimeaibika.

Si ile aibu ya kuteleza sokoni, ukainuka, ukapanguza matope na kuendelea na safari. Hii ni aibu ya kukaa nayo. Niko jikoni nimekalia stuli, viatu vyangu bado vimelowa, na nimeona niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na Mama Otis. (Mama Otis ni jirani yangu, yule anayefanya kazi kwa kiwanda cha majani chai. Alikuwa hapa akinisaidia kupika chapati na ameona kila kitu. Nimemwomba asiseme. Ameapa kwa Mungu, lakini alikuwa anaapa huku machozi ya kicheko yakimtoka.)

Mnajua leo ilikuwa siku ya binti yangu, Chela. Kijana wake anaitwa Kibet, wa kutoka Sotik, na leo wazazi wake walikuwa wanakuja kwetu hapa Kapsoit kumwomba rasmi. Tukielewana, tungepanga siku ya koito, sherehe yenyewe ya uchumba. Tangu niambiwe wanakuja sijalala vizuri. Nimepaka ukuta rangi. Nimeosha hadi ng'ombe.

Kwetu si kubaya. Tuna nyumba ya matofali, na bafu liko ndani, na majani chai yetu yanaanzia nyuma ya ukuta wa hilo bafu. Lakini mgeni akitaka kunawa mikono, lazima mtu asimame mbele yake na jagi na beseni. Mimi sikutaka jagi leo. Mama Kibet ni mwalimu mkuu aliyestaafu. Chela aliwahi kunionyesha picha ya watu wamekaa sebuleni kwao, nikaivuta kwa vidole, na huko nyuma ya watu, kwa mlango uliofunguka kidogo, nikaona sinki. Sinki jeupe la kunawa mikono. Basi. Usingizi ukaisha hapo.

Nilinunua langu Kericho mjini, nikalileta nyumbani nimelipakata kama mtoto mchanga. Chela akalipenda. Halafu akaniuliza:

"Mama, fundi anakuja lini?"

"Fundi wa nini?"

"Wa kuliweka."

"Chela, hii ni paipu. Maji yanaingia hapa, yanatokea pale. Mimi nimeangalia video."

"Mama, tafadhali. Tuite fundi. Ni siku moja tu naomba kila kitu kiende sawa."

"Na mimi ndiyo nitaiharibu? Nani alijenga kibanda cha kuku?"

Akageuka, akakiangalia kupitia dirishani. (Kibanda cha kuku kimeinama kidogo, lakini kuku hawajawahi kulalamika.)

Haya. Niwaeleze kazi ilivyokuwa, ndiyo muelewe nilivyojichimbia shimo. Sakafu ya bafu letu ina tundu lenye wavu, pale maji ya kuoga yanapoingilia. Kutoka hapo paipu inatoboa ukuta, inatokea nje, inalala chini hadi kwa shimo la maji machafu karibu na majani chai. Wazo langu lilikuwa rahisi. Sinki nilitundike ukutani, paipu yake nayo itoke nje, halafu ikutane na ile ya zamani. Unakata ile ya zamani kwa msumeno, unaweka katikati kile kiungo kinachofanana na herufi T, unapaka gundi, umemaliza. Mtu wa kwa video alifanya hivyo huku anapiga mluzi.

Jana mchana nikatundika sinki hapo bafuni, nikaunganisha bomba lake na paipu ya tangi. Likakaa wima. Nikatoka nje, nikashika msumeno wa Baba Chela, nikakata.

Wueh! Harufu iliyotoka kwa hilo shimo ilinisalimia kwa jina. Nilirudi nyuma hadi kwa majani chai. Nikaona siwezi kufanya kazi hapo bila kuziba ule upande wa shimoni kwanza. Nikaangalia huku na huku, nikaona kamba ya nguo, na kwa kamba kulikuwa na petikoti yangu ya zamani. Ile ya waridi, yenye lesi chini, ambayo lastiki yake imechoka. Nikaikunja, nikaisukuma ndani ya paipu. Harufu ikapungua lakini haikuisha. Nikachukua kijiti, nikaisukuma zaidi. Kabisa. Nikajiambia nitaitoa kabla ya kuunganisha.

Hapo hapo Baba Chela akaita kutoka barabarani. "Mama Chela! Lori limefika!"

Mnajua mambo ya lori la majani chai. Likifika kituoni halingoji mtu, na majani yakilala yanakuwa takataka. Nikaacha kila kitu, nikajitwika gunia, tukakimbia. Kufika kituoni foleni. Kurudi, mawingu yameshuka mpaka kwa paa. Nikapaka gundi haraka haraka, nikaweka kile kiungo, nikagonga na kiganja pande zote, nikaingia ndani tone la kwanza likiniangukia.

Mnauliza petikoti? Na mimi ningejiuliza hivyo hivyo jana, leo ningekuwa mtu wa heshima.

Nikajaribu sinki. Nilimwaga kikombe kimoja cha maji. Kimoja. Yakazunguka, yakashuka, yakaenda. Nikapiga makofi. Baba Chela akaja, akalitikisa kidogo, akasema, "Imekaa." Kwa Baba Chela hiyo ni hotuba. Chela naye akaja, akaangalia sinki, akaniangalia mimi na matope yangu, akanikumbatia hivyo hivyo.

"Imependeza, Mama. Pole kwa kubishana."

Aliniomba msamaha. Yeye!

Sasa leo. (Asubuhi nilikataza mtu yeyote kuoga bafuni, lisichafuke, tukaoga kwa beseni.) Wageni wamefika jua likiwa limepanda vizuri, gari lao limeoshwa likang'aa. Baba Kibet, mzee mrefu wa suti ya kijivu, ni mzee wa kanisa huko kwao. Mama Kibet na viatu vya rangi ya maziwa. Shangazi ya kijana, mama mnene mcheshi. Na Kibet mwenyewe, tai imemkaba, anaangalia chini tu kama mtu anayesubiri sindano.

"Chamgei!"

"Chamgei mising! Karibuni, karibuni. Kwanza mnawe mikono."

Niliwapeleka kwa sinki mmoja mmoja. Mama Kibet akanawa taratibu, akapanguza mikono kwa taulo mpya.

"Sinki nzuri," akasema. "Ni fundi gani aliwafanyia?"

Nilingoja kidogo ili walio sebuleni wasikie.

"Nilijifanyia mwenyewe."

"Wewe? Mwenyewe!" Akamwita mumewe. "Baba Kibet, unasikia? Mama huyu ni fundi!"

Nikacheka kile kicheko cha mtu mnyenyekevu. Naomba msinikumbushe hicho kicheko.

Shangazi ndiye aliyenawa mwisho. Alilipenda sinki, akakaa nalo muda. Bomba lilikuwa jipya na gumu, na nadhani aliogopa kulikaza asije akalivunja, akaliacha linatiririka kidogo, kama uzi. Akafunga mlango. Hakuna aliyejua.

Tukakaa. Mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha kwa kibuyu, ikamiminwa, chai ikamiminwa, chapati za Mama Otis zikapita. Zulia lilikuwa zuri ajabu. (Pia lilikuwa la Mama Otis.) Baba Chela akakaribisha wageni kwa maneno yake machache, halafu akamwomba Baba Kibet atuombee kabla ya mazungumzo. Tukasimama. Tukafumba macho.

Mzee yule anajua kuomba. Alianza na mvua na majani chai, akaja kwa maziwa, akaja kwa watoto. Chela alikuwa karibu nami, nikahisi mkono wake umeshika wangu.

"Baba, tunaomba baraka katika boma hili!"

"Amina!"

"Si baraka za kudondoka, Baba. Zimwagike!"

"Amina!"

"Zimwagike, zijaze nyumba hii mpaka tuzione kwa macho yetu!"

Nilisema amina yangu kwa nguvu, na kitu cha baridi kikanigusa vidole vya miguu.

Nikafungua jicho moja. Maji. Yalikuwa yanatoka kwa mlango wa bafu, yamevuka korido, yanaingia sebuleni polepole bila haraka, kama mgeni mwingine aliyechelewa. Yalikuwa ya kijivu. Yalikuwa na povu juu. Na ndani ya povu kulikuwa na vitu vilivyokuwa vimelala kwa lile tundu la sakafu tangu tujenge nyumba, na sitavitaja kwa sababu wengine wenu mnakula.

Nilifumba jicho tena. Nawaambia ukweli wangu. Nilifumba, nikatumaini mzee aendelee kuomba, pengine Mungu atayarudisha.

"Mungu wangu!" Ni Mama Kibet. Alikuwa ameweka mkoba wake chini, akauinua, ukawa unadondosha maji. Viatu vya rangi ya maziwa vilikuwa vimegeuka rangi.

Maombi yakaishia hapo. Hata amina haikusemwa.

"Hii ni nini?" Baba Chela akaniuliza.

"Ni mvua," nikasema.

Wote wakaangalia dirishani. Jua lilikuwa linawaka hadi majani chai yanameremeta.

"Mvua," nikarudia, kwa sauti ndogo.

Chela alikimbia bafuni akafunga lile bomba. Mama Otis akatoka jikoni na fagio na ndoo, akaona zulia lake, akasema neno moja kwa lugha ya kwao ambalo sikuuliza maana. Shangazi alikuwa amepanda juu ya kiti. Na mimi, pale nimesimama na miguu ndani ya maji, ndipo nikakumbuka. Petikoti. Ilinirudia nzima, na lesi yake.

Sasa mtu mwenye akili angesema, jameni, twendeni tukae nje chini ya kivuli, mimi nitashughulika. Nilifungua mdomo. Lakini Kibet alikuwa ameshavua koti na kukunja mikono ya shati.

"Wacha niangalie, Mama. Ni paipu imeziba tu."

"Hapana!" Nilipiga kelele mpaka akashtuka. "Hapana, mwanangu. Wewe ni mgeni. Kaa."

"Si shida, Mama."

"Mwache kijana asaidie," akasema Baba Kibet, na nikaona amefurahi. Hata Baba Chela alifurahi. Ni kijana gani mwingine angefanya hivyo na tai shingoni? Wakatoka wote. Nilimshika Baba Chela shati nimwambie, akaniambia, "Subiri kidogo," akatoka pia.

Kwa wale ambao si wa huku, niwaeleze. Kwetu kijana na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa mbali. Hata kupeana mkono, mtu anafikiria kwanza. Hamzoeani hovyo. Hamtaniani. Nguo ya mama mkwe huwezi hata kuianua kwa kamba mvua ikinyesha.

Kibet alipiga magoti nyuma ya ukuta. Akagusa kile kiungo changu, akigusa tu, kikang'oka mkononi mwake. (Gundi yangu ilikuwa kama uji.) Maji yote yaliyokuwa yamesimama ndani ya paipu yakamrukia, tai na kila kitu. Hakulalamika. Akapanguza uso, akainama, akachungulia ule upande wa shimoni.

"Kuna kitu hapa," akasema. "Ni kama kitambaa."

"Wacha tu hicho," nikasema.

"Kimejaa sana. Kinakuja." Akaingiza vidole. Akavuta.

Ikaja rangi ya waridi kidogo. Akavuta. Ikaja nyingine. Aliendelea kuvuta na petikoti ikaendelea kuja, sijui ilikuwa ndefu hivyo tangu lini, ikatoka lesi, ikatoka lastiki, na mwishowe yule kijana akainuka, akainyosha kwa mikono miwili ili aone ni kitu gani. Aliishika kwa kiuno. Ikaning'inia pale kwa jua, inadondosha maji, mbele ya baba yake, mbele ya mume wangu, mbele ya mama yake na mkoba wake.

Kuku mmoja akapita katikati yetu, akaiangalia, akaendelea na safari.

Shangazi ndiye aliyesema. Hakuwa na ubaya, nafikiri ilimtoka tu.

"Ni ya nani? Ni ya msichana?"

Macho yote yakamgeukia Chela.

Na hapa ndipo ninapotaka msicheke kabisa, kwa sababu hapa si pa kuchekesha. Nilinyamaza. Nilijua ni yangu. Nilijua nilivyoiweka pale. Neno moja tu lilitakiwa, na halikutoka. Nilimwangalia binti yangu amesimama na nguo yake nzuri ya siku yake, watu wanamwangalia kama msichana anayetupa nguo zake za ndani kwa mitaro ya maji machafu, na yeye alikuwa ananiangalia mimi. Hakusema, "Si yangu." Alikuwa ananingoja.

Baba Chela akajaribu kuniokoa. "Hiyo ni kitambaa tu," akasema. "Ya kupanguza gari."

Hatuna gari.

"Ni yangu," nikasema. Ikatoka kwa sauti kubwa mno, hadi kuku wakatawanyika. "Ni yangu mimi. Niliziba nayo harufu, nikaisahau. Chela alinikataza. Aliniambia niite fundi."

Kibet aliiachilia kama imemuunguza. Akaangalia chini, akaangalia majani chai, akaangalia kila mahali ambapo mimi sikuwa. "Samahani, Mama," akasema. "Samahani sana." Ananiomba msamaha! Tangu jana kila mtu ananiomba msamaha, na mwenye makosa ni mimi. Mama Otis, huko dirishani, alikuwa ameshika kitambaa cha sufuria mdomoni na mabega yake yanaruka.

Baba Kibet alikohoa. "Basi," akasema. "Chakula kisipoe."

Tukala hapo nje, kwa viti vilivyopona. Walikula vizuri, siwezi kudanganya. Mama Kibet alisifu kuku. Alinishika hata bega, akaniambia, "Pole, mama. Maji ni maji." Lakini kijana alikula amegeukia upande mwingine, mimi nikimkaribisha chapati anaipokea bila kuinua macho, na wazee walipoanza mazungumzo yalikuwa mafupi. Ya koito hayakufika. Baba Kibet alisema wamefurahi kutuona na kwamba watarudi, tupange siku vizuri, tukiwa tumetulia.

"Lini?" Baba Chela akauliza.

"Tutarudi," akasema.

Mimi neno hilo nimelizungusha kichwani tangu gari liondoke. Kuna "tutarudi" ya kurudi, na kuna ile nyingine. Mnaoelewa watu wa Sotik mniambie.

Wageni wakaenda. Mimi na Chela tukasafisha nyumba. Tulitoa zulia, tukamwaga maji ya moto na dawa, tukasugua sakafu. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Nilipochoka kungoja nikamwambia:

"Chela, nisamehe. Nilitaka tu waone kwetu ni kuzuri."

Aliendelea kusugua.

"Waliona, Mama. Hata bila sinki."

"Na hiyo petikoti, mwanangu, mimi..."

"Petikoti si kitu." Akaacha kusugua, akaniangalia. "Petikoti hata mimi nitaicheka siku moja. Lakini ulinyamaza."

Nikachukua brashi, nikasugua karibu naye. Ilikuwa muda mdogo tu, mtu hawezi hata kupiga chafya, lakini mimi na yeye tuliuona wote wawili. Mzazi mwenzangu anayesoma hapa, mtoto wako akikuangalia hivyo mbele ya watu, sema haraka. Sema hata kabla hujajua unasema nini.

Baba Chela amelala. Amesema, "Itapita," akajifunika. Mama Otis amekuja kuangalia zulia, akasema litakauka, akaniletea samaki kwa bakuli nisipike. Amejaribu kunifariji bila kucheka, akashindwa mlangoni.

Halafu sasa hivi, nikipita kwa korido, nimemsikia Chela akiongea kwa simu chumbani. Ni Kibet. Sikutega sikio. (Nilitega.) Kijana alikuwa anasema kitu, sikuweza kusikia ni nini, na ghafla Chela akacheka. Kicheko chake kile cha zamani cha kukosa pumzi. Akajaribu kukizuia, akashindwa, akaanza tena, na huko kwa simu nikamsikia yule mkwe wangu mwenye heshima naye amekufa kwa kicheko.

Najua wanacheka nini. Nimerudi jikoni kwa vidole vya miguu nisiwaharibie.

Hao wawili nimewaruhusu wacheke mpaka asubuhi. Nyinyi wengine, bado.